Mafuta Yaliyomwambia Namalwa Ameshiba

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kanisani, na Daktari wa Wilaya aliviangalia kabla ya kuniangalia mimi. Tulikuwa kwenye uwanja wa ofisi ya mifugo ya Kitale, matope kila mahali, nami nimeshika bahasha yenye cheti changu cha afya ya mifugo. Hakuifungua. Alinipa gambuti zilizoachwa na mtu aliyehamishwa, zote mbili kubwa kunishinda, akaniambia nipande nyuma ya pikapu. Tulikwenda hadi shamba moja karibu na Kiminini ambako ng'ombe wa maziwa alikuwa amekataa chakula tangu jana yake.

"Ng'ombe akikataa kula, wewe unafanya nini?" aliniuliza tulipofika langoni.

"Nampa dawa ya minyoo, Daktari."

"Kabla hujamwona?"

Nikashusha macho kwenye zile gambuti.

"Kukataa kula si ugonjwa," alisema. "Ni habari. Kuna kitu mwilini kimepeleka habari kichwani, na kichwa kimekubali. Kazi yako ni kujua ni kitu gani, na kimesema nini."

Aliniambia nikunje ngumi niiweke ubavuni kushoto, pale penye kishimo nyuma ya ubavu wa mwisho, kisha nisubiri bila kuongea. Ng'ombe ana tumbo la vyumba vinne, na kile kikubwa kuliko vyote huitwa rumeni. Ni kama pipa la kuvundika majani, limejaa vijidudu visivyoonekana ambavyo ndivyo humfanyia ng'ombe kazi ya kusaga. Rumeni nzima huviringika mara moja au mbili kwa dakika. Ya yule ng'ombe ilikuwa imezubaa. Nilingoja mpaka mkono ukafa ganzi, ndipo kitu kikaisukuma ngumi yangu kutoka ndani, polepole, kama mtu anayegeuka usingizini. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu na nilidhani najua ng'ombe, maana nilikulia Kibomet nyuma ya mkia wa ng'ombe wa baba. Sikuwa najua lolote.

Yule alikuwa na ndigana, ugonjwa wa kupe. Daktari alimdunga sindano, na tukirudi akanieleza kwamba homa yenyewe ndiyo hufunga hamu ya kula. Askari wa damu wakianza vita hupeleka ujumbe ubongoni kwamba mapishi yangoje kwanza. Nilicheka. Yeye hakucheka, kwa sababu hakuwa anatania.

Nilifanya kazi chini yake miaka saba. Nilisimamia majosho, nikapandikiza ng'ombe mbegu za fahali kwa mrija nikizunguka kwa pikipiki, nikatibu nguruwe wa mashamba madogo ya nyuma ya nyumba kule Matisi. Wakulima wengine walikuwa wakiniona mwanamke nashuka kwenye pikipiki wananiuliza daktari yuko wapi. Niliwajibu kwamba ameshuka, na kama wanataka aondoke waseme mapema. Nilikuwa na mdomo, hilo sikatai, na ndiyo sababu kosa nitakalosimulia huwashangaza wanaonijua.

Baadaye nilipelekwa kituo kimoja cha utafiti wa mifugo hapo hapo Kitale. Bosi wangu aliitwa na kila mtu Mtafiti Mkuu, mtu mwembamba, mpole, aliyependa kondoo kuliko mikutano. Kazi yangu ilikuwa kuwatoa kondoo damu kabla ya kula, wakati wa kula, na baada ya kula. Damu ilizungushwa kwenye mashine, maji yake ya juu yakagandishwa na kupelekwa maabara. Niliona ni kazi ya kuchosha mpaka asubuhi aliponiita kwenye ubao.

Alichora kichwa cha kondoo. Chini kabisa ya ubongo akatia kidoa, akasema hapo panaitwa haipothalamasi, na ukiikata yote haitajaza kijiko.

"Mizani ya njaa iko hapo," alisema. "Kuna chembe zinazosema kula, na jirani zake zinazosema imetosha. Zinasemezana kwa peptidi."

Peptidi ni mnyororo mfupi wa vipande vile vile vinavyojenga protini ya nyama au maziwa, ila huu ni mfupi sana na kazi yake ni ujumbe. Mmoja huitwa nyuropeptidi Y. Mtafiti Mkuu aliniambia kwamba tone lake dogo likifika mahali pake ubongoni, kondoo aliyeshiba hadi kulala hunyanyuka na kurudi kwenye hori. Upande wa pili kuna peptidi nyingine, ndugu wa melanokotini, ambazo huvuta breki. Halafu kuna homoni, nazo husafiri mbali kwa njia ya damu. Chakula kikifika utumboni, utumbo hutoa kolesistokinini kusema mzigo umefika. Kongosho hutoa insulini kusema sukari ipo.

"Na mafuta?" niliuliza, kwa sababu alikuwa amechora duara mgongoni mwa kondoo na hakuwa amelitaja.

Aliweka chaki chini. Nakumbuka hilo kwa sababu hakuwa mtu wa kuweka chaki chini.

"Sisi wote tulidhani mafuta ni gunia la akiba limelala stoo," alisema. "Kumbe yanaongea. Yanatoa homoni, inaitwa leptini. Mafuta yakizidi, leptini inazidi, na ubongo unaambiwa akiba ipo, punguza kula. Yakiisha, leptini inashuka, na njaa inafunguliwa. Mnyama anabeba karani wake mwenyewe mgongoni, Wambui, na hajui."

Nilitoka nje nikasimama kwenye zizi. Kondoo walikuwa wanatafuna kama kawaida yao, macho yamelegea, hawana habari na mtu. Nilijisikia kama nimeingia kanisani katikati ya wimbo. Mambo yote hayo, ujumbe kwenda, ujumbe kurudi, mizani kupanda na kushuka, yalikuwa yakifanyika ndani ya mnyama aliyesimama kwenye kinyesi chake, kila siku tangu dunia iumbwe, na hakuna aliyemfundisha.

Kulikuwa na jambo lingine pale. Dakika kadhaa kabla ya ndoo kufika, kondoo walikuwa tayari wameshasimama, mate yameshaanza kutiririka, na matumbo yameshaanza pilikapilika. Mtafiti Mkuu alisema anaamini kuna kitu hubisha hodi ubongoni kutoka tumboni kabla ya chakula, ila jina lake hakuna ajuaye. Miaka ilipita. Siku moja, kwenye mafunzo ya kazini, mwalimu aliandika ubaoni neno grelini, homoni ya tumbo inayopanda kabla ya mlo na kushuka baada yake. Machozi yalinilenga. Wenzangu walidhani nimepokea habari ya msiba.

Lakini kabla ya siku hiyo nilikuwa nimehamishiwa Bungoma.

Huko nilikutana na Wekesa, mwalimu wa shule ya msingi. Nilikuwa nimevuka thelathini na baba yangu alikuwa ameacha kuniuliza maswali, jambo ambalo kwake lilikuwa swali. Wazee wa pande zote mbili walikaa, wakaongea, na mahari ikakubaliwa. Miongoni mwa ng'ombe wa kwenda Kibomet alikuwemo mmoja ambaye mama yake Wekesa, mjane, alimtoa mwenyewe zizini mwake. Aliitwa Namalwa, kwa sababu malwa kwa lugha yao ni pombe, naye alizaliwa siku pombe inapikwa pale nyumbani. Alikuwa na mimba, na ilipangwa apelekwe baada ya kuzaa, ili baba apokee mama na ndama wake. Kwa Mama Wekesa, Namalwa ndiye ng'ombe ambaye angesimama mbele ya wakwe kumsemea.

Basi akamlisha. Alimlisha unga wa mahindi, molasi kutoka kiwandani, majani ya viazi, na machicha ya busaa, yale makapi yanayobaki pombe ikishakamuliwa. Majirani walikuwa wamemtia hofu kwamba watu wa asili ya Mkoa wa Kati waliokaa Trans-Nzoia, kama sisi, hupima ng'ombe kwa jicho mpaka wanajua kilo. Hakutaka mtu amcheke. Kila aliyepita aliitwa kuona.

Miezi miwili kabla ya Namalwa kuzaa, niliitwa na mimi.

Sisi wa kazi hii hupima unene kwa alama, moja hadi tano. Moja ni mifupa mitupu, tano ni mafuta yaliyofurika. Ng'ombe anayekaribia kuzaa anafaa awe tatu na kidogo. Namalwa alikuwa tano. Mgongo wake ulikuwa bapa kama meza, mifupa ya kiuno haionekani, na kwenye shina la mkia mafuta yamefanya vibonge. Niliona yote kabla sijafika langoni. Nilijua mafuta yale yanatangaza shibe, na kwamba akishazaa, maziwa yatadai sukari ambayo atakuwa hana hamu ya kuila.

Lakini alikuwa ng'ombe wa mahari yangu. Pale kwao, na kwetu pia, binti hakagui ng'ombe wa mahari yake. Akimsifu sana ni tamaa, akimtia kasoro amepima mkono wa wakwe. Huangalia chini na kushukuru. Mama Wekesa alikuwa amesimama kando yangu, mikono ameifunga tumboni, anangoja.

"Amependeza, Mama," nilisema.

Mimi niliyekuwa nawafokea wanaume kwenye majosho, nilifyata ulimi mbele ya mjane mmoja mwenye ndoo ya machicha. Nilijiambia nitamtuma mtu mwingine amwambie. Sikumtuma.

Namalwa alizaa jike zuri, salama. Siku ya tatu, Wekesa alifika ofisini kwa baiskeli, jasho limemchuruzika, akasema ng'ombe hali kitu. Daktari wa Wilaya wa Bungoma, mwanamke mwenye maneno machache, alikuwa anapanda gari kwenda mkutanoni Kakamega. Alinigeukia.

"Ulimwona lini mara ya mwisho?"

"Miezi miwili iliyopita, Daktari."

"Alikuwa alama gani?"

"Tano."

"Na ukawaambia nini?"

"Nilisema amependeza."

"Adabu yako ndiyo imemfikisha hapo," alisema. "Mimi narudi kesho kutwa na yeye hatanisubiri. Nenda umtibu." Kisha akafunga mlango wa gari.

Tulimkuta Mama Wekesa amepiga magoti mbele ya Namalwa, akimsogezea sufuria puani. Ng'ombe alikuwa amesimama, kichwa chini, masikio baridi. Ndama alikuwa amejilaza kando.

"Mulembe, mayi," alinisalimu bila kunitazama. "Ona. Hata machicha anaangaria tu. Watu wanasema kuna mtu amemtupia jicho."

Nilifungua mkoba. Akasimama haraka akaja kati yangu na ng'ombe.

"Hapana. Wewe usimguse. Huyu ni wa baba yako. Wakisikia ati bibi harusi ndio ametibu ng'ombe ya mahari yake, mimi nitaficha uso wapi?"

"Mama, mwenye kumtibu yuko Kakamega."

"Basi tungoje."

Niliinama nikasogeza pua karibu na mdomo wa Namalwa. Pumzi yake ilikuwa na harufu tamu, ya ndizi zilizoiva hadi kuharibika. Nilijua wakati huohuo. Maziwa yalikuwa yanavuta sukari, chakula hakiingii, na mwili ulikuwa umeanza kuyeyusha mafuta yake wenyewe kwa pupa. Ini lilikuwa linazibwa na mafuta hayo, na moshi wake, ambao sisi huuita ketoni, ndio ulikuwa ukitoka mdomoni. Kadiri mafuta yalivyoyeyuka ndivyo alivyozidi kukosa hamu. Nilikunja ngumi nikaiweka ubavuni. Nilihesabu dakika tatu nzima. Hakuna kilichonisukuma.

"Mama," nilisema, "hakuna jicho. Nilimwona miezi miwili iliyopita nikajua amenenepa kupita kiasi, nikanyamaza kwa sababu ya heshima. Nikinyamaza na leo, atakufa."

"Kunenepa ni ugonjwa?"

"Mafuta yanatuma habari kichwani. Yanamwambia ameshiba. Anakufa njaa, na mafuta yanamwambia ameshiba."

Alikaa chini kwenye ukingo wa hori. Wekesa akataka kusema kitu, mama yake akamwonyesha kiganja.

"Kwa hivyo ni mimi nimemuua kwa chakula," alisema polepole.

"Ni sisi wawili. Wewe kwa mkono, mimi kwa mdomo. Na bado hajafa."

Sijawahi kungoja neno la mtu kama nilivyolingoja lile. Mwishowe alivua kitambaa chake cha kichwa, akajipangusa uso, akasema, "Haya. Niambie nishike wapi."

Nilimwekea Namalwa dripu ya sukari kwenye mshipa wa shingo, Mama Wekesa ameinua chupa juu mpaka mikono ikamtetemeka na akakataa kupokewa. Tulimnywesha glisarini, ambayo ini huigeuza sukari. Siku ya pili nilikwenda machinjioni na jerikeni, nikaomba maji ya rumeni ya ng'ombe mzima aliyetoka kuchinjwa. Tuliyachuja kwa kile kitambaa cha kichwa, nikayafunga blanketi yasipoe, na tukampa kwa mrija, ili wale vijidudu waliokufa tumboni mwake wapate wa kuwarithi. Aliyetutangulia katika kazi hii ndiye aliyegundua kwamba tumbo huazimwa, na kila nilipofanya hivyo katika miaka yangu yote nilishangaa upya.

Siku ya tatu hakuna. Siku ya nne aliramba chumvi, akaacha. Siku ya tano, jua la saa nane, nilikuwa nimeweka ngumi ubavuni kwa mazoea tu, moyo umeshanifa, kitu kikaisukuma. Nikadhani nimejidanganya. Kikasukuma tena. Nilimwita Mama Wekesa nikamwekea ngumi yake pale pale, tukasimama wawili tumeegemea ng'ombe. Namalwa akageuza shingo, akatoa ulimi mrefu, akauzungusha kwenye jani moja la kiazi kitamu lililodondoka chini, akalitafuna. Akatafuta lingine.

Mahali pasipojaza kijiko, gizani ndani ya fuvu, neno moja lilikuwa limeshinda jingine. Sikuwa nimefanya hivyo mimi. Nilikuwa nimesukuma tu kidogo, na mwili ukakumbuka njia. Mama Wekesa alikuwa analia bila sauti, na mimi sikujizuia.

Alipona, ila alikonda. Siku ya kumpeleka Kibomet iliahirishwa hadi ikawa aibu kuahirisha tena, na Namalwa aliingia uani kwa baba mbavu zinahesabika, ndama wake anamfuata. Wazee wa kwetu walitazamana. Baba alimzunguka mara moja, akampapasa ubavuni.

Nilikuwa nimesimama na wanawake, macho chini kama inavyotakiwa. Nilimsikia Mama Wekesa akijitokeza mbele ya wanaume wote, jambo ambalo hakuna aliyemwomba.

"Huyu ng'ombe alikuwa mnono," alisema. "Nilimnenepesha kwa kuwaogopa nyinyi, karibu nimuue. Nilimkataza binti yenu asimguse, akanikatalia. Ndio maana mnamwona amesimama."

Baba yangu hakuwa mtu wa hotuba.

"Sasa anakula?" aliuliza.

"Anakura sana," Mama Wekesa alijibu.

"Basi mfungueni kamba. Nyasi ziko kule."

Nimestaafu sasa, baada ya kuhudumu chini ya madaktari wa wilaya wanne na, kaunti zilipokuja, wakurugenzi wawili wa mifugo. Vijana wa siku hizi wana vipimo ambavyo sisi hatukuviota. Unatia tone la damu kwenye kijiti, mashine inakuambia ketoni ziko ngapi kabla hujamaliza kusalimia mwenye ng'ombe. Nafurahi. Nawaomba tu wasiache kuweka ngumi ubavuni, kwa sababu mashine haitawatia hofu ile njema. Nimesoma kila nilichoweza kuhusu leptini na grelini na ndugu zao, na kila mwaka wanagunduliwa wengine. Nilidhani nikielewa zaidi mshangao utapungua. Umeongezeka mpaka wakati mwingine nasimama zizini nimesahau nilichofuata.

Mama Wekesa yuko hai, amezeeka sana, anatembea kwa mkongojo. Majuzi binti yetu Nekesa alichumbiwa, na wakwe wakatualika Kiminini tuone ng'ombe waliomtenga kwa mahari. Ng'ombe huyo alikuwa na mimba, mzuri, anang'aa. Nekesa ni karani wa benki, hajui rumeni wala figo. Alisimama nyuma yetu akiangalia chini, kama nilivyosimama mimi.

Bibi yake alimshika mkono akamvuta hadi mbele, wazee wakiguna.

"Mwangarie kwanza," alimwambia. "Tumbo, mgongo, mkia. Ukiona kitu, sema hapa hapa, tukusikie."

Nekesa alinigeukia mimi. Sikumsaidia. Aliingia zizini na nguo zake za sherehe, akakunja ngumi kama alivyoniona nikifanya tangu utoto wake, akaiweka ubavuni kushoto, na sisi sote, wa kwao na wa kwetu, tukanyamaza tukimngoja aseme.